Re: Safari za wawili: karatasi, nauli na pa kwenda

Kutoka: Kijana wa Langoni (Leipzig)

Assalaam aleikum jamaa wote. Wakubwa shikamooni.

Mke wangu alifika huku kutoka Lamu kwa visa ya familia, na kadi yake ya ukaazi imetoka juzi. Tangu aje, anajua njia ya darasa la Kijerumani, njia ya duka la Waturuki na njia ya kurudi nyumbani. Anatamani kuona nchi, miji na milima, nami natamani kumwonyesha.

Wasiwasi wangu ni wa namna mbili. Pasipoti zetu ni za Kenya: je, twaweza kuvuka mpaka na kadi hizi, au kila nchi yataka visa yake? Halafu pesa. Nyumbani kuna karo ya mdogo wangu na dawa za mama. Nikifikiria kukata tiketi ya kwenda kutembea tu, naona kama nawaibia. Waliotembea na wenzao, naomba mnielekeze.

Kutoka: Mama wa Shela (Bergamo, kwa sasa Malindi)

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. Nakujibu nikiwa Malindi. Tumekuja likizo na mume wangu kenda Lamu kuwaona wazee wake, basi nina nafasi ya kuandika kirefu.

Nianze na hilo la kuiba, maana limenigusa. Mke uliyemtoa kwao ukamvusha bahari ana haki kwako pia, na haki yake si chakula na kodi ya nyumba peke yake. Nimewaona watu wetu Italia waliokaa hadi wakastaafu, na nje ya kiwanda na msikiti hawakuona kitu. Wanarudi nyumbani, wajukuu wanawauliza kulikuwaje huko, hawana la kuwasimulia. Sitaki iwe hivyo kwenu. Sisi mshahara ukiingia, ya nyumbani hutoka kwanza, siku hiyohiyo. Kisha kiasi kidogo huenda kwenye akaunti isiyoguswa. Kikitimia nauli tunaondoka, kisipotimia tunasubiri. Hatukopi kwa ajili ya matembezi, na usikubali mtu akushawishi ukope. Ukifanya hivyo mama atapata dawa zake na mkeo atauona mlima.

Sasa karatasi. Mwenye kadi ya ukaazi halali ya nchi moja ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizokubaliana kufungua mipaka baina yao, anaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen bila visa, mradi asipitishe siku 90 ndani ya kila siku 180. Leo nchi hizo ni 29. Croatia iliingia Januari 2023, Romania na Bulgaria zikakamilisha Januari 2025. Uswisi imo, ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya. Uingereza na Ireland hazimo, na huko kadi yenu ya Ujerumani haiwavushi.

Chukueni pasipoti na kadi, vyote viwili, kila safari, kila mmoja na zake mkononi. Kadi peke yake haitoshi na picha ya simu haihesabiki. Msisikie mtu akiwaambia mipaka imefunguliwa hakuna anayeuliza. Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na polisi huingia kwenye treni na mabasi. Mkienda kwa ndege za bei rahisi, someni masharti: baadhi ya mashirika humtaka mwenye pasipoti isiyo ya Ulaya apite kaunta akakaguliwe hati hata kama tiketi imo kwenye simu na hana mzigo. Fikeni mapema kwa ajili ya hilo.

Na angalieni kadi inaisha lini. Kwetu Italia, unapongojea kadi mpya hupewa risiti. Risiti hiyo pamoja na pasipoti na kadi ya zamani vinakuruhusu kwenda Kenya na kurudi, lakini usipitie nchi nyingine ya Schengen njiani. Ndiyo maana watu wetu wenye risiti hupanda ndege za kupitia Addis Ababa au Istanbul, na wala hawagusi Paris wala Amsterdam. Ujerumani ina utaratibu wake, hivyo ulizeni ofisi yenu ya wageni kabla ya kulipa nauli.

Pa kwenda. Mnaanza maisha, na naona mwanzie Granada, kusini mwa Uhispania. Najua ni mbali na Leipzig, lakini ndiyo safari iliyotupa mengi kuliko zote. Mume wangu ni fundi wa Lamu, alijifunza kwa babu yake kuchora nakshi za chokaa za zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kabla hajaja kubeba zege Ulaya. Tulipoingia Alhambra, ngome ya Granada yenye majumba ya masultani wa Bani Nasr, alisimama mbele ya ukuta mmoja hata kundi letu likatupita. Ukuta mzima umejaa nakshi kuanzia juu ya vigae hadi darini, majani, nyota na maandishi, na neno linalorudiwa kila mahali ni *wa la ghaliba illa Allah*, hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Akawa ananionyesha kwa kidole kwa mbali, maana kugusa ni marufuku: hapa wamechonga kwa mkono, hapa wametumia kalibu ndiyo maana ua linajirudia sawasawa. Wao walitumia jasi. Sisi Lamu ni chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, ndiyo maana mkono wa fundi wa Lamu hukata kwa kina namna nyingine. Miaka yote ya ndoa sijamsikia akiongea kazi yake kwa furaha ile. Hilo halikuwa kwenye tiketi, na kwangu lilitosha.

Ule mji wa Granada ulikabidhiwa kwa wafalme wa Kikristo tarehe 2 Januari 1492. Miaka sita baadaye Wareno wakatia nanga hapa Malindi. Ukiwa mtu wa pwani, tarehe hizo mbili zinakaa pamoja kichwani ukitembea katika bustani za Generalife, hapohapo Alhambra, na maji yanapita kwenye mifereji kandoni mwako.

Tiketi za Alhambra hukatwa mapema, wiki nyingi kabla, kwa jina na namba ya pasipoti. Huandikwa saa kamili ya kuingia majumba ya Nasr, na ukichelewa saa hiyo huingii. Nendeni Novemba au Februari. Julai na Agosti jua la Andalusia hupita digrii 40, na hata sisi wa Malindi tusiuchezee ukavu ule. Februari kuna jingine: mnasimama mtaa wa Albaicín mnaiona Alhambra mbele yenu na nyuma yake milima ya Sierra Nevada ina theluji. Hapohapo juu pana msikiti uliofunguliwa 2003, una bustani ndogo inayotazama upande huo. Mtasali kwa raha.

Kutoka Granada mnaweza kufika Córdoba kwa treni. Msikiti wake ulianzishwa karne ya nane, una msitu wa nguzo na matao mekundu na meupe, na katikati limejengwa kanisa kuu. Mwambie mkeo mapema kwamba Waislamu hawaruhusiwi kusali mle. Walinzi wanafuatilia. Mimi roho ilinibana, nikasoma Fatiha kimoyomoyo nikiwa natembea.

Kwa maumbile, njooni kwetu Lombardia, kaskazini mwa Italia, mpande treni nyekundu ya Bernina inayovuka milima ya Alpi kuingia Uswisi. Milano Centrale hadi Tirano ni kama saa mbili unusu kwa treni ya mkoa, sehemu ya njia mnaambaa na ziwa Como. Tirano mnabadilisha. Ile ya watalii yenye vioo hadi darini inataka kuwekewa nafasi na kulipiwa zaidi, nanyi msiihangaikie: treni za kawaida hupita reli ileile, na baadhi ya madirisha yake hufunguka mkapiga picha bila kioo kuakisi. Inaanza mita 429 juu ya usawa wa bahari ikapanda hadi 2,253 bila meno kwenye reli, kwa mizunguko tu. Pale Brusio inazunguka juu ya daraja la mawe mkauona mkia wa treni yenu wenyewe. Kileleni pana maziwa mawili yaliyokaribiana. Maji ya moja huishia bahari ya Adria, ya pili hushuka hadi Bahari Nyeusi. Shukeni kituo cha Morteratsch mtembee kwa miguu kuelekea barafu ya mlimani. Njiani wameweka vibao vya miaka kuonyesha barafu ilifikia wapi, na kutoka kibao hadi kibao utatembea sana. Sisi tunaoona bahari inavyokula ufuo wetu, vibao vile tunavisoma kwa namna yetu.

Mkivuka kuingia Uswisi zimeni data. Bando la Ulaya hutumika nchi zote za Umoja bila malipo ya ziada tangu 2017, Uswisi haimo, na bili yake inauma. Chukueni chakula cha nyumbani. Bei za mgahawa kule zitawamalizia safari.

Lisbon nitaisema kwa ufupi: mtu wa Malindi aende mtaa wa Belém. Vasco da Gama, yule nahodha wa Wareno, amelazwa kanisani Jerónimos, ndani ya jiwe jeupe lililochongwa vizuri sana. Nguzo yake hapa Malindi haiko mbali na ninapoandika. Aprili 1498 sultani wetu alimpokea na kumpa rubani, na Mei akafika Calicut, India. Nilisimama pale nikamfikiria rubani, ambaye hana jiwe popote.

Chakula: tafuteni samaki na mboga, na someni maandishi. Italia neno *strutto* ni mafuta ya nguruwe, nayo huingia hata kwenye mikate. Sala, nyie ni wasafiri, fupisheni na mjumuishe, dini yetu imewapa nafasi. Kila mmoja awe na chupa ya maji, ya kunywa na ya chooni.

Kutoka: Mzee wa Matondoni (Dresden)

Salaam. Dada wa Shela amemaliza kazi, mie naongeza la karibu. Kijana, uko Leipzig, kwa nini uanze na ndege?

Kateni tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima. Ilianza Mei 2023 kwa yuro 49, tangu Januari 2026 ni 63. Inapanda treni zote za mikoa, mabasi na tramu, ila treni za mwendo kasi za ICE na zile za IC haziingii. Njooni Dresden asubuhi, pandeni treni ya mjini ya S1 inayofuata mto Elbe, mshuke Rathen. Mbele yenu kuna majabali ya mawe ya mchanga yamesimama kama minara, na juu yake daraja la mawe la Bastei la mwaka 1851. Mtoni mtavuka kwa feri isiyo na injini. Imefungwa kwa waya mrefu uliotiwa nanga upande wa juu wa mto, maji yanakotoka, nahodha anaikalisha mshazari, na mkondo wenyewe unaisukuma ng'ambo. Mimi nimezaliwa kwenye kijiji cha waunda majahazi, nimeipanda kwenda na kurudi nikimtazama nahodha anavyoshika usukani. Muulize mkeo kama babu zake hawangeielewa mara moja.

Vaeni viatu vyenye soli ya kushika. Ngazi ni nyingi na mvua ikinyesha mawe huteleza.

Na kama una nia ya kuwaita wazee waje kutembea nanyi, hao ni jambo jingine. Watahitaji visa, ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Vilevile watachukuliwa alama za vidole na picha mpakani kwa mfumo mpya ulioanza Oktoba 2025. Nyinyi wenye kadi za ukaazi haukuhusuni. Msipange mstari ule, ulizeni askari.

Kutoka: Kijana wa Langoni (Leipzig)

Mama, Mzee, Mungu awalipe kheri. Nimemsomea yote. Ameng'ang'ania Granada, hasa aliposikia habari za zidaka, maana nyumba ya kwao Mkomani inazo. Tutaanza na Rathen mwezi ujao, na Granada tuiwekee akiba hadi Februari. Anauliza moja: pasipoti yake ina majina matatu, kadi ya ukaazi wameandika yote, lakini fomu za tiketi zina nafasi mbili tu. Ajaze vipi? Na je, buibui ataulizwa?

Kutoka: Mama wa Shela (Malindi)

Mwambie namsalimu sana. Jina la ukoo ajaze kama lilivyo kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, ile yenye alama za mishale, kwa sababu ndiyo mashine inayosoma. Yaliyobaki yote yaingie nafasi ya jina la kwanza, kwa mpangilio uleule, bila kufupisha. Afanye vivyo hivyo kwa ndege na kwa Alhambra, ili mlangoni tiketi na pasipoti visome sawa. Wewe nawe usimjazie kwa jina lako ukidhani mke hufuata mume. Atumie lake.

Buibui na mtandio havina neno Uhispania, na Granada atakutana na Wamoroko wengi wanaovaa hivyo. Ila uso uwe wazi, uwanja wa ndege lazima wauone. Akitaka, aombe askari wa kike. Mimi huomba, na mara nyingi huitwa bila tabu. Mkipata tarehe niandikieni, mume wangu anataka kuwaeleza ukumbi upi muutazame kwanza.