Wauza tailizi, kwa nini mnatuuzia seramiki kwa bei ya posileni??

Asalam aleykum ndugu zangu, mie leo nna hasira hata sijui nianzie wapi. Nyumba yetu iko Mwanakwerekwe, mwaka jana kabla ya Ramadhani tukaamua tuweke tailizi ukumbini, ushorobani na jikoni. Nikenda duka moja, jina silitaji, nikamwambia muuzaji waziwazi nataka posileni, mana bi mkubwa wangu jikoni anakaa chini na mbuzi yake ya nazi na kinu kipo hapo hapo, kwa hivo nataka kitu kigumu. Akanambia hizi ndo zenyewe, chukua. Kila boksi nimelipa elfu kumi zaidi kuliko zile seramiki zilokuwa pembeni yake, na nimechukua boksi 38, pigeni hesabu wenyewe.

Haikutimia miezi saba! Mchi umeponyoka mara moja tu, tailizi ikameguka, ndani udongo mwekundu kama wa chungu. Posileni gani hiyo? Pale mlangoni ndo usiseme, mchanga wa miguuni ushakula maua yote ya juu, pamebaki baka tu.

Nikachukua kipande kilobaki nikakigeuza nikakitia maji mgongoni, yakanywewa palepale nikitazama. Posileni ya kweli hainywi hivo jamani, inatakiwa inywe asilimia 0.5 au chini ya hapo, mana udongo wake unasagwa laini, unashindiliwa na kuchomwa kwenye moto wa nyuzi 1200 hivi, ndo mana ngumu. Nikenda stoo kulitafuta boksi, kumbe ubavuni wameandika E > 10%, yaani hiyo E ndo kiasi cha maji inachokunywa, na za kiwango hicho ni za ukutani! Si za kukanyagwa! Na muuzaji analijua hilo, hiyo ndo kazi yake ya kila siku.

Kinachoniuma zaidi ni fundi. Yule alizirowesha kwenye pipa usiku kucha kabla ya kubandika, mie nikaona ndo ufundi. Posileni huiroweshi kwa sababu hainywi maji, na haibandikwi kwa saruji tupu, inataka gundi yake. Sasa yeye kaziona zinakunywa maji mbele ya macho yake, akanyamaza, nilipomuuliza akanambia "dada, zote tailizi tu". Halafu kaweka madonge manne ya saruji kwenye pembe, katikati tupu, ukigonga inalia kama debe.

Seramiki yenyewe haina kosa, ukutani chooni, na ile ya sakafuni hata chumba cha kulala pasipo na pirika, inatosha kabisa, na inakatika kirahisi. Lakini niambie ni seramiki na unichaji bei ya seramiki!

Risiti yangu imeandikwa "tailizi boksi 38" basi, aina hakuna. Nimerudi dukani mara mbili, ananambia zishabandikwa hawezi kurudisha kitu. Boksi ninalo, kipande ninacho. Alowahi kurudishiwa pesa kwa kesi kama hii, Unguja au Pemba, anambie alianzia wapi, ZBS (wale wa viwango Zanzibar) au ZFCC (tume ya ushindani halali wa biashara Zanzibar), na aliwapelekea nini mkononi.