Vipimo vya CMM (mashine ya kupimia kwa kugusa pointi) havilingani asubuhi na alasiri: nianzie wapi?

Fundi_Shimanzi
Assalam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mkaguzi wa vipimo katika karakana moja hapa Shimanzi, na kazi tuliyo nayo sasa ni kuchonga nyumba za beringi za alumini kwa ajili ya pampu za meli. Umbali kati ya vitovu vya matundu mawili unatakiwa uwe milimita 300, na tofauti inayoruhusiwa ni milimita 0.03 kila upande. Nyumba iliyolala chumba cha kupimia usiku kucha husoma vizuri, lakini zile zinazoletwa alasiri moja kwa moja kutoka kwenye mashine ya kuchongea huzidi kwa takriban milimita 0.04, na nikiipima moja yao kesho yake hurudi ndani ya mpaka. Isitoshe, kipenyo cha tundu hubadilika kwa maikromita saba au nane hata kama nyumba yenyewe haijaguswa. Msimamizi anataka CMM ifanyiwe kalibresheni upya, nami sioni busara ya kulipia kazi hiyo kabla hatujajua kosa liko wapi.

Mpimaji_Likoni
Wa aleikum salaam, fundi. Hayo ni matatizo mawili, usiyachanganye. La kwanza ni joto. Vipimo vya michoro ya uhandisi huhesabiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na alumini hutanuka takriban maikromita 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Kwa milimita 300 hiyo ni karibu maikromita 7, kwa hiyo milimita 0.04 yako inahitaji nyuzi sita tu za ziada, na wakati wa kaskazi karakana zetu huvuka nyuzi 30 bila shida. Feleji hutanuka nusu ya hapo, ndiyo maana aliyezoea kupima shafti hushtuka siku anapoletewa alumini.

Bandika kipimajoto kwenye kifaa chenyewe kinachopimwa, usitegemee kile cha ukutani. Tena ikiwa kiyoyozi huzimwa usiku, ujue kwamba hewa hupoa upesi asubuhi kikiwashwa ilhali meza ya graniti, kwa uzito wake, huchukua saa nyingi kuifuata. Kiache kiwake usiku na mchana.

Bi_Mkaguzi
Nakubaliana nawe, kaka, na ningependa fundi aangalie pia fidia ya joto katika programu, kwani ikiwa bado imewekwa kwa feleji itasahihisha nusu tu ya kosa la alumini.

Kuhusu tundu, pima kwanza tufe la rejea, yaani lile ambalo kipenyo chake kinajulikana, mara kadhaa mfululizo bila kugusa chochote. Likichezacheza, kagua ncha ya probu, kile kijiti cha kugusia, kwa lenzi. Probu inayoburuzwa juu ya alumini hukusanya chembe zake kwenye kijiwe cha yakuti, na utaliona doa la kijivu linalong'aa upande mmoja. Lisipotoka kwa alkoholi, badilisha ncha, kisha hakikisha uzi wake wa skrubu umekazwa.

Mpimaji_Likoni
Dada, mimi ningeanza na hewa. Unyevu wa pwani hujaza maji kwenye tangi la kompresa, na maji hayo yakipita kichujio huharibu beringi za hewa, zile zinazoifanya mashine iteleze juu ya hewa. Fundi, tazama geji ya presha iliyo karibu na mashine wakati wengine wanatumia hewa ya laini hiyo hiyo.

Fundi_Shimanzi
Nawashukuru nyote wawili. Kifaa cha alasiri kilikuwa na nyuzi 26 ilhali ukutani zilisomeka 20. Presha haikuyumba. Doa lilikuwepo, na baada ya kubadilisha ncha tufe linarudia ndani ya maikromita mbili. Tundu, hata hivyo, bado linatofautiana kwa maikromita nne. Huwa nagusa pointi nne, naziongoza kwa mkono.

Bi_Mkaguzi
Basi kila mara unagusa mahali tofauti, na tundu lisilo duara kamili litakupa jibu tofauti. Andika programu iguse pointi kumi na mbili au zaidi, mahali pale pale kila mara. Pia pima ukiwa umekaza klampu, halafu ukiwa umezilegeza, kwa sababu kuta nyembamba hubonyea. Msimamizi naye mpimie geji bloku ya feleji yenye cheti (kipande cha urefu unaojulikana), iliyokaa chumbani tangu jana, huku fidia ikiwa imerudishwa kwa feleji. Ikisoma sawasawa, hoja ya kalibresheni inaweza kungoja tarehe yake ya kawaida.