Nyumba ya wazee Marekani inataka nimtoe mama kabla ya Ijumaa, naombeni ushauri

MtuWaMbali: Wakuu, mama yangu ana miaka 81, yuko nyumba ya wazee hapa Marekani miezi minne sasa, tangu apigwe na kiharusi. Jana meneja kaniita: Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa ya wazee) wameacha kulipa, Medicaid (msaada wa serikali wa matibabu kwa wenye kipato kidogo) hawajajibu maombi, nimchukue kabla ya Ijumaa. Kwa mdomo tu. Akasema nikitaka abaki, nisaini kuwa nitalipa mimi. Naishi chumba kimoja ghorofa ya tatu, na mama ni wa kiti cha magurudumu.

BintiBahari: Pole sana. Usisaini! Nyumba inayopokea Medicare au Medicaid hairuhusiwi kukulazimisha uwe mdhamini wa malipo. Ni sheria ya shirikisho ya tangu 1987. Kama unashika fedha za mama, unaweza kusaini kwamba atalipiwa kutoka kwenye fedha zake, basi.

Shangazi_K: Nimeosha na kulisha wazee kwenye nyumba hizi miaka tisa, mchezo huu naujua. Medicare kwa kila kipindi cha ugonjwa hawavuki siku 100, kwa hiyo kuisha kwake si sababu ya kumtoa mtu. Kutolipa ni sababu, ila kama makaratasi yote ya Medicaid mmeshapeleka na jibu bado, hiyo haihesabiwi kutolipa. Je, yamekamilika?

Na hata wakiwa na sababu, kwa aliyekaa miezi minne watoe notisi ya maandishi siku 30 kabla, iseme sababu, anapelekwa wapi, na rufaa inakatwa wapi. Rufaa ikikatwa kabla ya siku ya kutoka, kwa kawaida hatolewi hadi isikilizwe.

Jambo moja uliangalie sana: wakimkimbiza hospitali ghafla, uliza siku hiyohiyo kama watamtunzia kitanda chake hadi arudi. Wengi hutolewa kwa mlango huo.

Mzee_Kobe: Mnamshauri agombane nao, halafu usiku atakayegeuzwa kitandani kwa hasira ni mama yake. Mtafutie pengine kimyakimya.

Shangazi_K: Mzee, hofu yako naielewa, nimeyaona. Ila kulipiza kisasi nako kumekatazwa, na ndugu anaruhusiwa kumtembelea saa yoyote mama akitaka. Aende leo asubuhi, kesho usiku. Nasi wafanyakazi tunawajua wazee wenye watu.

Mtoa mada, mpigie ombudsman wa wazee wa jimbo lako, yaani mtetezi wa haki za wakazi wa nyumba hizi. Kila jimbo lina wake, ni bure, na hatataja jina lenu bila ridhaa.

MtuWaMbali: Ilibaki taarifa moja ya benki, nimeipeleka leo. Ombudsman kaongea na mama kwanza, mimi nikatafsiri. Nimemwomba meneja notisi ya maandishi, kasema "hatukuelewana". Ijumaa nitakuwa pale tangu asubuhi.