Mjadala: Jimmy Page ni mpiga gitaa zaidi, au mtayarishaji?

Nyuzi Sita: Ndugu zangu, kila anapotajwa Jimmy Page wa Led Zeppelin, kundi la roki la Uingereza, tunasifu vidole vyake, lakini mimi nashikilia kwamba kazi yake kubwa aliifanya akiwa mtayarishaji. Miaka ya mwanzo ya 1960 alikuwa mpiga gitaa wa kukodiwa katika studio za London, akihama kutoka wimbo wa huyu hadi wa yule, na huko ndiko alikojifunza namna sauti inavyonaswa. Albamu ya kwanza ya kundi ilirekodiwa mwaka 1968 kwa saa zipatazo 36 tu, kabla hawajapata mkataba. Mafundi mitambo walikuwa wakibonyeza walichoambiwa. Masikio yalikuwa yake.

Mshika Besi: Masikio ya kusikiliza nyimbo za wenzake, labda. Whole Lotta Love, wimbo wao wa mwaka 1969, ulibeba maneno ya Willie Dixon, mzee wa bluzi wa Chicago, ambaye ilimbidi ashtaki mwaka 1985 ndipo wakamalizana naye. Nyumba unaisifu, kiwanja ni cha nani?

Nyuzi Sita: Kaka, hilo umelielekeza kusiko, kwa sababu maneno yale aliyaimba Robert Plant, mwimbaji wa kundi. Na ile kesi ya Stairway to Heaven, wimbo wao mwingine waliodaiwa kuunakili, baraza la mahakama liliamua mwaka 2016 kwamba hawakunakili, na rufaa ya mwaka 2020 ikakubaliana nalo.

Mshika Besi: Sikuitaja Stairway. Wewe ndiye uliyesema masikio yalikuwa yake. Huwezi kumpa mtu sifa ya kila kilichomo kwenye albamu, kisha lawama ikija ukamtafutia mwimbaji.

Fundi Mitambo: Naomba nirudi kwenye neno la "kubonyeza", maana limeniuma. Dramu za wimbo wao When the Levee Breaks zilirekodiwa katika nyumba ya Headley Grange, mpiga dramu John Bonham akiwa chini ukumbini na maikrofoni mbili zikining'inia juu yake kwenye ngazi. Fundi alikuwa Andy Johns, naye hakuwa mbonyezaji. Nimewahi kurekodi ngoma kubwa kwa kusogeza maikrofoni karibu na ngozi, nikapata mlio wa kiganja tu, mkavu kama kofi. Nilipoirudisha nyuma hadi mlangoni ndipo kifua cha ngoma kilipotoka, pamoja na kuta na dari. Page aliijua kanuni hiyo ya umbali na aliitetea, nakubali, lakini kuna mtu aliyeshika waya, akazipanga na kusikiliza tena na tena.

Nyuzi Sita: Neno hilo nalifuta, fundi, nisamehe. Lakini tazameni wimbo huohuo: asili yake ni ya Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, mwaka 1929, na albamu ya Led Zeppelin yenye wimbo huo ilipotoka mwaka 1971 jina la Memphis Minnie liliandikwa miongoni mwa watunzi. Mwizi haandiki jina la mwenye mali.

Mshika Besi: Umenisaidia. Hata kwenye albamu ya kwanza nyimbo mbili zimeandikwa jina la Willie Dixon, kwa hiyo walimjua na waliweza kuliandika. Nieleze basi, ndugu yangu, kwa nini kwenye Whole Lotta Love, wimbo uliowaletea fedha kuliko hizo mbili, mzee yule alisubiri hadi mahakamani.