Gazeti la tabloid, kurasa 30: kwa nini kiwanda kimekataa, na picha zinaharibikia wapi?

Mzigo_wa_Asubuhi:
Wakuu, naomba msaada kwa wanaoijua kazi hii. Gazeti ni la kila siku, saizi ya tabloid, nakala 30,000, kurasa 30, kati ya hizo 8 za rangi. Kiwanda kinasema kurasa ziwe 32, na za rangi hatuwezi kujichagulia tu. Sampuli nayo imetoka na herufi za ukurasa wa mbele zenye kivuli chekundu, na picha zimekuwa giza. Kosa ni la mtambo au la mafaili yetu? Karatasi itakwenda tani ngapi kwa siku?

Msanifu_Kurasa:
Mkuu, kunja karatasi moja katikati uihesabu: inatoa kurasa 4. Kwa hiyo 30 haiwezekani. Kwenye mtambo mwembamba wa ofseti ya roli (karatasi inapita ikifunguka kutoka kwenye roli lake), ambao viwanda vingi vya saizi yako hutumia, roli la upana kamili linatoa kurasa 8 za tabloid. Kurasa 32 ni maroli 4 kamili. Hata 28 inachapika, ila inadai roli la nusu upana, na si kila kiwanda kinakuwa nalo stoo.

Suala la rangi linatokana na pleti, yaani bamba lenye sura ya kurasa linalobeba wino wa rangi moja. Kila pleti ya alumini inabeba kurasa mbili zilizo bega kwa bega upande mmoja wa karatasi ile ile ikifunuliwa, na jumla ya namba zake daima ni 33: 1 na 32, 2 na 31, hadi 16 na 17. Jozi ya nyeusi tupu inatumia pleti 1, jozi ya rangi inatumia 4 (sayani, majenta, njano, nyeusi). Ukizipanga kurasa zako 8 katika jozi 4, ni pleti 16, na jozi 12 zilizobaki ni pleti 12. Jumla 28. Ukizitawanya ovyo, kila moja kwenye jozi yake, unafika pleti 40 kwa kurasa zile zile. Ndiyo maana ukurasa wa mwisho huwa wa rangi: umebebwa na wa mbele. Omba ramani ya kurasa za mtambo wao KABLA idara ya matangazo haijauza nafasi.

Wino_na_Maji:
Kivuli chekundu kwanza. Mara nyingi ni faili. Maandishi yakinakiliwa kutoka Word yakiwa na weusi wa RGB (rangi za skrini), yakigeuzwa kwenda CMYK (zile rangi nne za wino) yanakuwa mchanganyiko wa rangi nne. Majenta ikisogea sehemu ya milimita tu, jicho linaiona. Maandishi yote yawe nyeusi 100 peke yake, nyingine sifuri. Herufi nyeupe ndani ya picha zisiwe ndogo wala nyembamba, zitazibwa na wino.

Picha kuwa giza nako kuna sababu yake. Karatasi ya gazeti ni ya gramu 45 hivi kwa mita ya mraba, haina mng'ao, na wino haukaushwi kwa moto, unanywewa tu. Nukta za wino zinazounda picha zinatanuka: iliyo asilimia 50 kwenye kompyuta inatoka karibu 75. Kwa hiyo ng'arisha sehemu za katikati za picha, hasa nyuso, na jumla ya wino wa rangi zote nne isizidi asilimia 240. Ukizidisha, wino unahamia ukurasa unaotazamana nao. Kuhusu ukubwa, pikseli 200 kwa inchi zinatosha, maana yake picha ya upana wa sentimita 25 inataka pikseli kama 2,000. Iliyotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa. Mpigapicha aitume kama faili.

Fundi_Rola:
Nakubaliana, lakini mtambo nao una makosa yake, na yanatambulika. Rangi zikikaa vizuri katikati ya karatasi na kuachana pembeni, karatasi imenywa maji na kupanuka ikipita kati ya yuniti (sehemu za mtambo, kila moja na rangi yake). Zikiachana sawasawa kote, ni rejista, yaani upangaji wa rangi moja juu ya nyingine. Rangi moja ikijirudia yenyewe kwa yenyewe, angalia blanketi la mpira (linalopokea wino kwenye pleti na kuupeleka kwenye karatasi) kama limelegea, au mvutano wa karatasi. Maji yanayolowesha pleti yakipungua, sehemu nyeupe zinachafuka wino. Yakizidi, wino unafifia na karatasi inakatika. Roli lililogongwa ukingoni nalo litakatika tu. Maroli yahifadhiwe yamesimama, mbali na sakafu yenye unyevu, na kifungashio kisitolewe mapema.

Tani: ukurasa wa sm 28 kwa 40, majani 16, gramu 45, ni gramu 81 hivi kwa nakala. Nakala 30,000 ni tani 2.4. Ongeza asilimia 5 ya nakala za kuanzia na mabaki ya roli, uwe na tani 2.5.

Muda uhesabu ukirudi nyuma. Gari la mikoani likiondoka saa 9 usiku na mtambo ukienda nakala 20,000 kwa saa, uchapaji ni saa moja na nusu bila kukatika. Basi uanze saa 6 na nusu ili ubaki na saa moja ya akiba, na jozi ya mwisho ifike chumba cha pleti saa 5 na nusu. Kurasa za ndani ziende tangu jioni.

Angalia mtego mmoja: michezo ikiwa ukurasa wa 32, mechi inayochelewa inauzuia ukurasa wa mbele, kwa sababu ni pleti zile zile.

Mzigo_wa_Asubuhi:
Asanteni sana wakuu. Je, kichwa cha habari kikibadilika baada ya toleo la mikoani, tunatengeneza pleti zote 4 upya?

Fundi_Rola:
Kikiwa cheusi juu ya nyeupe, pleti ya nyeusi tu. Kikiwa chekundu juu ya nyeupe, majenta na njano. Kikiwa cheupe au cha rangi juu ya picha ya rangi, kwa kawaida zote nne.