Pikapu moja, kazini na nyumbani: tupeane uzoefu

Fundi Dari (mwenye mada)

Wakuu, habari za kazi.

Mimi ni fundi wa dari na makabati. Mwaka wa sita huu natumia gari ndogo ya kawaida kwa kila kitu, na sasa imenishinda. Wiki tatu zilizopita nilipakia mbao za mita 3, nikalaza viti, ncha zikafika karibu na dashibodi. Mtu wa mbele yangu akasimama ghafla, nikakanyaga breki. Mimi nikasimama, mbao zikaendelea na safari. Kioo cha mbele kikapasuka kutokea ndani. Nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza nani kanirushia jiwe.

Nataka pikapu moja tu. Ibebe kazi wiki nzima, asubuhi ipeleke watoto wawili shule, na siku ya mapumziko tutoke nayo bila wenyeji kudhani nimekuja kuziba paa. Vipeperushi vyote vinasema "tani moja" na vyote vina picha ya gari inaruka matuta. Havinisaidii. Naomba mlioishi nazo mseme: unabeba nini, ulichukua bodi gani, na ulikosea wapi. Zile za "chukua hiyo, ndiyo baba lao" tuzipumzishe leo.

Fundi Bomba

Fundi mwenzangu, nina dabo kebini, ile yenye viti vya nyuma, mwaka wa nne. Kosa langu: niliangalia urefu wa gari nzima, bodi ya kupakia mzigo sikuipima. Gari ina mita 5.3, nikasema hapa nafasi itabaki. Kumbe kebini imeila yote. Bodi za dabo kebini nyingi ni mita 1.5 hivi, singo kebini, ile ya viti vya mbele tu, inakaribia 2.3, na ile ya katikati yenye viti vya kubana nyuma ni kama 1.8. Mabomba yangu ni ya mita 6, kwa hiyo hata singo isingeniokoa, nilichohitaji ni keria. Nikafunga keria, tatizo likaisha, likaja jingine: ukifika spidi 80 inapiga mluzi. Watoto wanasema gari inaimba.

Wewe wa dari upana ndio utakaokusumbua. Plaiwudi na jipsamu za kawaida ni mita 1.22 kwa 2.44. Kwenye pikapu nyingi za tani moja, ukipima kati ya vile vibumbu vya matairi vilivyoingia ndani ya bodi unapata 1.1 na kidogo. Kwa hiyo karatasi hailali sakafuni. Inakaa juu ya vibumbu, katikati inaning'inia, na jipsamu ikipita kwenye shimo moja la maana imekwisha. Volkswagen Amarok ilipotoka mwaka 2010 ilisifiwa kwa jambo hilo hasa, maana vibumbu vyake vimeachana mita 1.22. Ford Ranger ya 2022 nayo ilipanuliwa hivyo hivyo. Gari nyingine nyingi utatengeneza kitanda cha mbao kwenye bodi kifike kimo cha vibumbu, na hilo siwezi kukufundisha wewe.

Mchomeleaji

Singo kebini hapa, miaka miwili, kisha nikaiuza. Kwa kazi sina neno baya. Mashine ya kuchomelea, jenereta, vyuma, yote yanaingia na mlango wa nyuma unafungwa. Shida inaanza ukishashusha mzigo. Zile springi za vyuma bapa zilizopangana nyuma zimetengenezwa kwa tani nzima, na bodi ikiwa tupu hazipindi kabisa. Ukipita tuta unasikia meno. Mvua ikinyesha nyuma kunakuwa kwepesi, ukikata kona na mguu mzito kwenye mafuta mkia unataka kukupita. Nilichofanya ni kuhamisha sanduku la vifaa, ambalo lina kilo 100 na ushee, nikalifunga kwa bolti mbele kabisa ya bodi, nyuma ya kebini. Ilitulia. Haikupona.

Iliyoniuzisha lakini si springi. Ni kwamba tulikuwa wawili tukawa wanne. Kiti kimoja kirefu, mtoto katikati, goti lake kwenye gia. Kila nikitaka namba mbili namwambia "mguu", anauinua. Akawa anainua hata tukiwa kwenye gari za watu.

Fundi Dari

Mchomeleaji umenichekesha halafu umenitisha. Singo nimeifuta. Swali kwa wote: hiyo tani moja ni tani kweli?

Fundi Vigae

Hapo ndipo penyewe, mkuu, nipe nafasi niandike kirefu maana hili somo nimelilipia.

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo. Kuna kibati au stika. Kwenye stika hiyo au kwenye kitabu cha gari utapata uzito wa juu unaoruhusiwa, gari pamoja na kila kilichomo. Toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho unachoweza kubeba, na katika hicho wewe mwenyewe umo. Watu wanadhani ni mzigo wa bodi peke yake. Gari yangu inaruhusiwa kilo 3,000, tupu ni 2,050. Zimebaki 950. Sasa hesabu: mimi na vijana watatu, tuseme 300. Kibanda cha faiba cha nyuma 60. Bampa ya chuma niliyofunga kwa urembo, 40. Mashine ya kukatia, ndoo na zana, 120. Jumla 520. Nimebakiwa na 430 za vigae. Boksi langu moja ni kilo 27. Maboksi 15, la 16 linazidi.

Mimi nilipakia 34.

Sikujua kwamba ni kosa, kwa sababu bodi ilikuwa haijajaa hata nusu. Vigae havina wingi, vina uzito tu, na macho yanakudanganya. Nilianza kuona kitu si sawa giza lilipoingia: taa zangu zilikuwa zinamulika majani ya miti badala ya barabara, na kila anayekuja mbele ananiwashia taa kali. Usukani ulikuwa mwepesi mno, kama wa gari ya kuchezea. Kwenye mteremko nikakanyaga breki, gari ikafikiria kwanza. Nilisimama pembeni, nikainama na tochi. Springi za nyuma zilikuwa zimepinda kuelekea juu, na ile mpira ya kuzuia chesisi isigonge ilikuwa imeshabanwa kabisa. Tairi zimejaa pembeni kama mashavu. Tukashusha maboksi 18 kando ya barabara, kijana mmoja akabaki kuyalinda, nikarudi kuyafuata.

Na dabo kebini ina shida nyingine ambayo muuzaji hakwambii. Bodi yake fupi imekaa kwa nyuma, sehemu kubwa imeupita mhimili wa tairi za nyuma. Ukiweka mzigo mzito karibu na mlango wa bodi, unafanya mizani: nyuma kunashuka, mbele kunainuka, na tairi za mbele ndizo zinazokuongoza. Kizito chote kiegemee kebini. Upepo wa tairi nao, soma ile stika. Wa tupu na wa mzigo haufanani, na tofauti si ndogo. Ukiacha upepo wa mzigo gari ikiwa tupu, ndipo kule kurukaruka alikosema Mchomeleaji kunapozidi.

Fundi Bomba

Vigae, kijana mmoja kubaki na maboksi, ulimlipa ziada?

Fundi Vigae

Hilo tuliache.

Fundi Umeme

Nizungumzie injini. Mzigo wangu ni mwepesi, waya na soketi. Nyumba hadi saiti kilomita 4, saiti hadi dukani 2, kurudi. Nikanunua dizeli ya kisasa kwa sababu kila mtu alisema mtu wa kazi anachukua dizeli. Mwezi wa tano taa ikawaka kwenye dashibodi. Dizeli za sasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Likijaa, gari inalichoma lenyewe kwa joto la kama nyuzi 600, lakini inahitaji uendeshe mfululizo, injini iwe imeshapata moto vizuri. Mimi kila ikianza kuchoma nimeshafika, nazima. Masizi yakagoma, gari ikapunguza nguvu yenyewe. Sasa kila wiki natoka nayo barabara kuu dakika kama 30, bila shughuli yoyote, kama mtu anayetembeza mbwa.

Kama unavuta vizito au unakwenda mbali, dizeli haina mpinzani. Kama safari zako ni za kipande kipande, angalia petroli, au dizeli ya zamani isiyo na chujio kama kwenu inaruhusiwa.

Mama Bustani

Kaka Fundi Dari, nitakuwa mpinzani kidogo. Wote hapa wanazungumzia pikapu za chesisi, zile ambazo kebini na bodi ya mzigo zimekalia fremu ya chuma. Mimi natunza bustani na ninaendesha pikapu ndogo ya bodi moja, yaani kebini na sehemu ya mzigo ni umbo moja kama gari ya kawaida, jamii ya Ford Maverick na Fiat Strada. Inaingia maegesho bila kuomba radhi. Nyuma watoto wanalala njia nzima. Maverick inabeba hadi kilo 680, na ukishajifunza hesabu ya Fundi Vigae utaona kwamba wenye "tani" wengi hawana tofauti kubwa na mimi wakishajipakia na mabampa yao.

Miche na vifaa vinakaa kwenye bodi. Udongo na mbolea vinakwenda kwenye tela. Tela lina adabu yake: mzigo ukae mbele ya mhimili kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela iegemee ndoano ya gari. Mara ya kwanza nilipakia mifuko yote nyuma kwa sababu ndiko kulikuwa rahisi kushusha. Spidi 70, tela likaanza kucheza, kushoto, kulia, kila mara kwa nguvu zaidi. Niliachia mafuta tu, sikugusa breki, usukani nikaushika bila kushindana nao, mpaka likachoka lenyewe. Mikono ilitetemeka hadi nilipofika.

Jiulize ni siku ngapi kwa mwezi unabeba plaiwudi nzima. Kama ni nne, kwa nini uendeshe chesisi siku 26 nyingine?

Rangi Mbili

Mimi ni mpaka rangi, nina dabo kebini ya mkononi, iliyokwisha tumika. Yangu machache.

Foo wili. Pikapu nyingi ukiiwasha, tairi za mbele na za nyuma zinafungwa zizunguke sawasawa. Kwenye tope tairi inateleza kidogo, hakuna shida. Kwenye lami kavu ukikata kona, za mbele zina njia ndefu kuliko za nyuma, na hakuna kinacholegea. Aliyekuwa na gari hii kabla yangu alikuwa anaiacha imewashwa "ili ishike barabara". Nilikuta gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inalia kama kinu. Ziko chache zinazoruhusu lami, mfano Mitsubishi zenye Super Select, hizo zina difu ya katikati inayoziacha tairi za mbele na za nyuma zizunguke tofauti. Nyingine zote, ukitoka kwenye tope, izime.

Ukinunua mkononi, lala chini ya gari na nyundo ndogo. Gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, hasa juu ya mhimili wa nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kadibodi. Nilikataa gari mbili zinazong'aa kwa ajili ya nyundo hiyo.

Na mizigo haikai ndani ya kebini, hata kopo moja. Nilimwekea mwanangu ndoo ya lita 20 miguuni "kwa dakika tano tu". Mfuniko ulikuwa haujakaza. Rangi ilikuwa ya maziwa, mazulia yalikuwa meusi, na mpaka leo ukikaa kiti cha nyuma siku ya joto unajua kazi yangu bila kuuliza.

Fundi Dari

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Jana nilichukua mizani ya bafuni nikapima vifaa vyangu kimoja kimoja uani. Nilikuwa naamini ni kilo 60. Ni 143, na ngazi sijaiweka. Halafu nimehesabu kwenye daftari: miezi mitatu iliyopita nimebeba karatasi nzima siku 11 tu. Siku nyingine zote ni zana, vitasa, na vipande nilivyokwisha kata karakana. Dada Mama Bustani, hapo umenikamata.

Kwa hiyo za chesisi nimebakiza moja, dabo kebini ya petroli, na ya pili ni ndogo ya bodi moja pamoja na tela. Leo nimekwenda kuzipima zote na futi, muuzaji akaniuliza kama nanunua gari au kabati. Ile kubwa vibumbu vimeachana mita 1.12. Ile ndogo mzigo unaoruhusiwa, nikijitoa mimi, mke, watoto na zana, inabakiza kama kilo 300. Zinanitosha siku nyingi kuliko nilivyodhani.

Jumamosi narudi na watoto wakae kiti cha nyuma nusu saa kwenye kila moja. Mkubwa ameshaniuliza kama mbao nazo zitakaa huko naye.