Ushauri wa haraka: ubao wa pinboli unachunika, nipake klia au nifunike kwa plastiki?

MtotoWaLigula
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Nina mashine ya pinboli hapa Mtwara mjini, ile ya gololi ya chuma unayoipiga kwa vibao viwili huku taa zinawaka. Iko kwenye banda langu la chipsi na vijana wanaipenda kuliko pool. Shida ni ule ubao wenye michoro. Rangi imetoka mbele ya vibao na kuzunguka vitaa vya plastiki vilivyopachikwa kwenye mbao, sehemu nyingine mbao iko tupu kabisa. Msimu wa korosho ukianza na hela zikiingia mtaani, itapigwa mpaka usiku wa manane. Nipake klia ya magari, ile vanishi angavu ya kumalizia juu ya rangi, au nitafute plastiki? Naomba majibu kabla ya Ijumaa.

NipoNipoTu
Nimekaa hapa nasubiri wajuzi. Chipsi yai bei gani hapo?

MzeeWaNewala
Kijana, hayo si ndiyo madubwi? Watoto wanaiba hela za korosho za baba zao waje wakulishe wewe. Liache lioze.

BintiMikindani
Babu, shikamoo. Dubwi unatumbukiza sarafu unaomba Mungu, hili linataka mikono. Ila hujakosea peke yako. New York waliipiga marufuku mwaka 1942 wakisema ni kamari. Mpaka 1976 mwandishi mmoja, Roger Sharpe, akaicheza mbele ya madiwani, akataja kwanza gololi itapita wapi, ikapita hapohapo. Wakairuhusu.

MzeeWaNewala
Marahaba. Madiwani nao walikuwa wacheza kamari.

FundiChuno
Mtoa uzi, anza na gololi zenyewe. Ni chuma cha gramu 80 hivi, ikishapata vishimo inakuwa msasa unaotembea. Weka mpya kabla hujagusa ubao. Pili, usifute kwa maji, hiyo ni plaiwudi, itavimba. Swali: juu kuna ile nailoni angavu iliyogandishwa kiwandani, Mylar? Umeibandua? Na Ijumaa kuna nini?

MchongaVinyago
Sisi vinyago tunang'arisha kwa kiwi ya viatu. Mwaka juzi mteja mmoja alirudisha kinyago eti kinamchafua mikono, nikamwambia mpingo unatoa jasho. Akaelewa.

BaharaiMsangaMkuu
Pakaza sifa, yale mafuta ya papa, kama tunavyopaka majahazi. Mbao haiozi ng'o. Wateja wa chipsi watazoea harufu.

MtotoWaLigula
Nailoni ipo, imenyanyuka pembeni. Ijumaa ni mambo binafsi tu. Naomba turudi kwenye klia.

FundiChuno
Mambo binafsi ya ubao? Mkuu, umeshamwita mtu. Sema tukusaidie.

MtotoWaLigula
Sawa. Kuna fundi rangi wa magari, nimeshampa nusu ya hela, Ijumaa anakuja kuchukua ubao. Na mashine kwa kusema kweli si yangu asilimia mia. Mwenyewe alikuja enzi za gesi, kazi ilipopungua akaondoka akaniachia nimtunzie. Juzi kapiga simu anarudi Desemba. Sasa nyie mnataka aikute imechakaa? Mimi natunza. Umeme nalipa mimi, chumvi ya bahari naifuta mimi. Na huyo fundi anapuliza bodaboda mpaka unajiona sura.

BintiMikindani
Kwa hiyo hela za wachezaji miaka yote hii zilikuwa za kutunza?

FundiChuno
Bodaboda haina michoro ya zamani, wala vitaa vilivyogundishwa kwenye mbao. Ili apulize, lazima avue kila kitu, juu vigingi na raba, chini waya na koili. Atarudishaje? Masalia ya nta au silikoni yakibaki, klia inajikunja na kufanya vishimo. Hadina yake, ile dawa ya kuigandisha, ina sumu ya mapafu, si ya kupuliza nyuma ya jiko la chipsi. Na ukishapuliza hurudi nyuma. Wanaofanya hivyo kwa ufundi wapo, lakini ni kazi ya wiki na wiki, tena kwenye mashine zao.

Ile Mylar usiivute. Rangi iliyochoka inatoka nayo. Wenye uzoefu huigandisha kwa baridi kali au huipasha kwa hewa moto, na rangi ikiwa legelege huiacha kama ilivyo. Wewe iache.

Safisha kwa kitambaa kikavu, paka nta safi ya karnauba isiyo na chembe za kusugua, kidogokidogo. Gololi itateleza, haitakwaruza. Halafu tafuta karatasi ya plastiki angavu, polikaboneti, chini ya milimita moja, ikatwe kwa umbo la ubao na matundu yake. Inalazwa tu bila gundi. Mchezo utabadilika kidogo, lakini mwenyewe akirudi anaitoa anakuta ubao wake.

MtotoWaLigula
Plastiki hiyo Mtwara sijaiona. Na hela ya fundi hairudi.

JuhaWaMasasi
Wakuu, hii chai, tena haina sukari. Pinboli banda la chipsi Ligula? Nimezaliwa Mtwara sijawahi kuiona. Mashine za Marekani ni volti 120, hapa TANESCO ni 230. Unaiwashaje? Na ukiitikisa inafanyaje? Picha hakuna?

NipoNipoTu
Nilijua. Hata bei ya chipsi hajajibu.

MtotoWaLigula
Chipsi yai elfu tatu. Transfoma ya ndani ina njia kadhaa, mwenyewe alihamisha waya kwenda upande wa 230 kabla sijaiona. Ukiitikisa sana, kuna kipande cha chuma kinaning'inia kwenye fimbo, kikigusa pete iliyokizunguka, vibao vinakufa na gololi inazama, umekula hasara ya zamu. Picha siweki, mwenyewe anasoma jukwaa hili.

FundiChuno
Majibu sahihi. Anayo kweli.

MzeeWaNewala
Kama mwenyewe anasoma, basi ameshasoma.

JuhaWaMasasi
Nafuta kauli. Sasa mkuu, hiyo mashine unaiuza?

MtotoWaLigula
Nimesema si yangu. Ila wewe una bei gani? Njoo PM.